Chupa Mbili za Maharage

Maharage yalipungua kumi na manane.

Tuliyahesabu Alhamisi asubuhi ofisini kwa Kocha Maggard, juu ya meza ambayo aliifuta kwanza kwa mkono wa sweta lake. Wasichana wawili wa timu waliyapanga mafungu ya kumi kumi. Mimi nilikaa pembeni na kikombe cha kahawa, nimevaa koti la kanisani kwa sababu niliambiwa kutakuwa na picha. Chuo kilitaka chupa zangu mbili ziwekwe kwenye kabati la kioo pale mlangoni mwa ukumbi wa michezo, chini ya jina la mjukuu wangu Twila. Kila haragwe ni pasi moja ya Twila iliyozaa kikapu, tangu siku alipovaa jezi ya Chuo cha Tansy kwa mara ya kwanza mpaka jana yake, Jumatano. Kitabu cha chuo kilisema pasi mia nane na kumi na tisa. Katika ligi yetu ya vyuo vidogo vya milimani hapa Kentucky, hakuna msichana aliyewahi kufika huko.

Chupa zangu zilisema mia nane na moja.

"Rudieni," Kocha akasema.

Wakarudia. Mia nane na moja. Msichana mmoja akaingia chini ya meza kutafuta, akatoka na kifungo cha shati na vumbi magotini.

Kocha akacheka kile kicheko cha mtu anayekuonea haya. "Bi Orpha, usijali kabisa. Miaka minne si mchezo. Hapa umekohoa, pale umetoka kidogo, haragwe linapita. Nitachota kumi na manane jikoni, tunayatia humo, basi. Maharage ni maharage."

Nikaweka kahawa chini. "Mimi sikohoi mchezo ukiwa unaendelea," nikasema.

Nikamwomba asome kitabu polepole, michezo ya nyumbani peke yake na ya ugenini peke yake, maana ndivyo nilivyoweka chupa zangu. Chupa ya ugenini niliijaza jikoni kwangu, nikimsikiliza mtangazaji wa redio. Chupa ya nyumbani niliijaza mimi mwenyewe nikiwa ukumbini, mstari wa pili, nyuma ya benchi la timu yetu.

Ugenini, kitabu kilisema mia tatu themanini na nane. Chupa nayo mia tatu themanini na nane, bila kukosea hata moja.

Nyumbani, kitabu kilisema mia nne thelathini na moja. Chupa, mia nne kumi na tatu.

Yale niliyoyasikia redioni, nimekaa umbali wa maili sitini, yalikuwa sawasawa. Niliyoyaona kwa macho yangu ndiyo yaliyopungua. Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima mgongoni. Nikachukua chupa zangu, moja kila kwapa, nikamwambia Kocha kwamba picha itasubiri.

Niseme kidogo jinsi nilivyoanza, maana bila hilo jambo lenyewe halieleweki.

Shule niliachia darasa la nne, mama alipoanza kutapika damu na kuku wakawa wangu. Kuandika naandika, lakini kuhesabu nilifundishwa kwa maharage: yai moja, haragwe moja. Sijawahi kukosea mayai. Twila aliachwa kwangu akiwa na miaka minne, mama yake alipokwenda Ohio kutafuta kazi ya kiwandani, na alipoanza kucheza mpira wa kikapu nikaona hesabu za watu wote ziko kwenye kufunga. Fulani kafunga ishirini, fulani kafunga thelathini. Twila hakuwa mfungaji. Twila alikuwa mtoaji. Mpira ulikuwa haukai mkononi mwake. Ukiutazama tu umeshafika kwa mwenzake chini ya kikapu, na mwenzake mwenyewe kashtuka. Nikasema, basi mimi nitahesabu hayo.

Sheria yake ni nyepesi. Ukimpa mwenzako mpira akafunga, pasi ni yako. Akiudunda mara moja kujiweka sawa, bado ni yako. Akiudunda mara mbili, huyo amejitafutia mwenyewe, wewe huna chako hapo.

Kwa hiyo mfuko wa kulia wa koti ulikuwa na maharage makavu, na wa kushoto ulikuwa mtupu. Pasi ikizaa, haragwe linahama. Na kwa sababu mikono yangu ilikuwa mifukoni, sikuweza kupiga makofi kama wenzangu. Nikawa napiga miguu. Mara mbili, na viatu vyangu vya zizini, juu ya zile mbao za kukalia. Du-du!

Mwaka wa kwanza nilipiga peke yangu, watu wakanigeukia. Mwaka wa pili mstari wote ukapiga. Kufikia mwaka wa tatu ukumbi mzima, watu mia sita: Twila akitoa pasi, kikapu kikiingia, du-du! Madirisha yalitikisika. Wageni walituchukia kwa ajili ya kelele ile. Sikuwahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kelele ile, Mungu anisamehe.

Jumatano ile ya rekodi, mwenye rekodi ya zamani alikuja mwenyewe. Anaitwa Lodema Tackett, alichezea chuo cha ng'ambo ya mlima miaka kumi na miwili iliyopita, pasi mia nane na kumi na mbili. Siku hizi anaendesha basi la shule. Mchezo ulisimamishwa, akashuka uwanjani na mpira wake wa zamani uliochakaa, akampa Twila. "Chukua mwanangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Rekodi yenyewe imenichosha. Watoto wa basi hawaniiti jina, wananiita Mia Nane na Kumi na Mbili." Ukumbi ukacheka, nao wakakumbatiana kwa muda mrefu. Nililia mpaka nikapoteza haragwe moja chini ya mbao. Nililipata baadaye. Mimi hulipata kila mara.

Sasa Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya kuhesabu, Kaka Denzil Fugate akaja kwangu kwa miguu. Hilo peke yake lilinishangaza, maana ana gari na barabara ilikuwa tope la theluji inayoyeyuka. Kaka Denzil ni kinyozi aliyestaafu, tunasali kanisa moja, na mkewe Icy alikuwa rafiki yangu mpaka tulipomzika miaka mitatu iliyopita. Yeye ndiye mwandishi wa mezani pale ukumbini. Miaka ishirini anaandika kitabu cha mchezo. Nani kafunga, anaambiwa na mwenzake anayeendesha ubao wa pointi. Pasi ni ya nani, hilo ni lake yeye na jicho lake.

Akafungua mlango, akapangusa viatu, akainamisha kichwa kwa adabu. "Habari ya asubuhi, Dada Orpha," akasema.

Alikuwa anaongea na koti langu lililoning'inia ukutani.

Mimi nilikuwa jikoni, hatua nne kutoka hapo, nimeshika mwiko. Nikamtazama. Koti likamtazama.

"Kaka Denzil," nikasema, "hilo ni koti."

Akageuka kufuata sauti. Akavua kofia. "Najua," akasema. Akaikunja kofia. Halafu akasema, "Hapana. Sikujua."

Nilimshika mkono nikamkalisha mezani. Nilimmiminia kahawa nikamwekea kikombe mkononi kabisa.

"Tangu lini?"

"Tangu muda mfupi kabla Icy hajafa. Mwanzo ilikuwa kama moshi. Sasa ni kama mtu ametundika pazia la bafuni mbele yangu. Kikapu cha karibu nakiona kidogo. Cha mbali naona rangi tu zinatembea, bluu na nyeupe."

"Na Twila?"

"Twila ni bluu."

"Sasa pasi zake umekuwa ukiziandikaje, mtu wa Mungu?"

Akageuza kikombe mara mbili tatu. "Kwa masikio. Kikapu kikiingia nasikiliza. Mkipiga miguu, namwandikia. Msipopiga, simwandikii. Nilijiambia, watu mia sita wenye macho hawawezi kukosea."

Mwiko ukanianguka.

Maana nilijua. Pale pale nilijua. Miaka miwili hii watu walikuwa wanampenda Twila kupita kiasi. Alikuwa akitoa mpira, mwenzake anaudunda, anazunguka, anapigana na wasichana wawili, anafunga kwa jasho lake mwenyewe, na ukumbi: du-du! Mimi haragwe silihamishi. Mkono wangu unabaki pale pale mfukoni. Lakini miguu...

Kaka Denzil naye aliwaza hilo hilo. Kipofu anaona mengi. "Dada Orpha," akasema taratibu, "hizo kumi na nane, wewe hukutia haragwe."

"Sikutia."

"Lakini miguu ulipiga?"

Nilitaka kusema uongo. Nina miaka sabini na mmoja na nilitaka kusema uongo jikoni kwangu mchana kweupe.

"Nilipiga," nikasema. "Wote walikuwa wanapiga. Nikapiga."

Tukakaa. Nilijiona kama mtu aliyekaa miaka minne akiweka ukweli mfukoni huku akikanyaga uongo kwa viatu. Kelele ile niliianzisha mimi. Kaka Denzil aliandika tu alichosikia.

"Ukisema, wataniondoa kwenye kile kiti," akasema akisimama. "Sikuombi unyamaze. Kinyozi asiyeona tayari ni kichekesho. Kocha aliniambia chupa zimepungua, nikaja tu usije ukadhani una wazimu."

Nikamrudisha kwake kwa mkono mpaka langoni pake. Njiani aliniambia, "Hapo pana dimbwi," na kweli palikuwa na dimbwi. Alikuwa amelisikia.

Mchana Twila alikuja kula. Kabla ya kila mchezo mkubwa huja kwangu kula maharage na mkate wa mahindi, na siku hiyo alikuja na Tressa, yule mrefu anayecheza chini ya kikapu, msichana wa miguu kama ngazi na mdomo usiopumzika. Kesho yake, Jumamosi, ndiyo ulikuwa mchezo wao wa mwisho, wa nyumbani, saa nane mchana. Ubao wenye jina la Twila ulikuwa umeshachongwa.

Tressa akaziona chupa kwenye rafu, akatazama sufuria. "Bibi! Usiniambie leo tunakula rekodi!"

"Keti ule, wewe ngazi," nikamwambia.

Lakini Twila hakucheka. "Kwa nini chupa zimerudi, Bibi? Kocha alisema zinawekwa kwenye kabati."

Nilikuwa nimejiuliza tangu asubuhi kama nitasema. Ubao umeshachongwa. Lodema ameshakumbatia. Hakuna mtu duniani anayejua isipokuwa mzee mmoja asiyeona na mimi, na Kocha angetia maharage ya jikoni akalala vizuri. Nilimtazama mtoto niliyemlea, kijiko kiko hewani, nikaona kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza mpaka kaburini, na kila atakaponipa mkono nitahisi maharage kumi na manane katikati ya viganja vyetu.

Nikasema yote. Koti, moshi, masikio, miguu. Miguu yangu pia.

Tressa akaacha kutafuna.

Twila aliweka kijiko chini. Uso ukamwiva. "Ungeweza kuninyamazia," akasema. "Ni mchezo mmoja tu umebaki, Bibi. Mmoja! Ungeniacha niuchezee kwa furaha."

"Ningeweza."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu sikuweza."

Akasukuma kiti akatoka nje. Tukamsikia akipiga mpira kwenye ukuta wa kibanda cha kukaushia nyama, tap, tap, tap, jinsi alivyokuwa akifanya tangu ana miaka saba. Tressa akaninong'oneza, "Nimfuate?" Nikamwambia ale. Nimemlea yule, akiwa ndani ya hasira usiingie, subiri mlangoni. Mkate ukapoa, nikaupasha. Ukapoa tena.

Akarudi, mashavu mekundu kwa baridi. Hakukaa.

"Lodema alinipa mpira wake," akasema. "Ule aliochezea. Nimeuweka juu ya kitanda changu." Akapangusa pua kwa kiganja. "Chupa inasema mia nane na moja. Ili nimpite, nahitaji ngapi?"

"Kumi na mbili."

Tressa akapiga mluzi. Katika maisha yake yote Twila hakuwahi kuzidisha kumi na moja kwa mchezo mmoja.

"Basi kumi na mbili," Twila akasema. "Lakini atakayehesabu ni wewe. Na ukumbi mzima utafunga midomo na miguu."

"Wale?" Tressa akasema. "Wale hawakunyamaza hata mchungaji alipoomba dua!"

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Kabla filimbi haijapigwa, Twila alichukua kipaza sauti. Mimi sikujua atasema nini. Nilijua tu kwamba Kocha alikuwa ameshinda kwenye simu na watu wa ligi tangu jana, nao wamemjibu kwamba kitabu cha nyumbani ni cha wenye nyumba, wakitaka kukirekebisha na warekebishe.

"Rekodi niliyopewa Jumatano si yangu bado," Twila akasema. "Pasi kumi na nane ziliandikwa kwa sababu mlinipenda mkapiga miguu. Mwandishi hana kosa, aliwaamini. Leo ziko mia nane na moja. Naomba msipige miguu hata mara moja. Na naomba bibi yangu akae mezani."

Sijapata kuona watu mia sita wakishtuka kwa pamoja. Ilikuwa kama mtu amefungua milango yote, baridi ikaingia. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Ati nini?" na mumewe akamjibu, "Nyamaza, kasema tunyamaze." Lodema Tackett alikuwa mstari wa tatu; alifunika mdomo kwa mikono miwili.

Kaka Denzil ndiye aliyenisogezea kiti pale mezani, akikipapasa. "Njoo, Dada Orpha. Leo wewe macho, mimi mkono." Akaniwekea mbele yangu kikombe cha bati cha kahawa, kitupu. "Tia humo. Nikisikia, naandika."

Mchezo ukaanza.

Kama hujawahi kusikia ukumbi uliojaa ukiwa kimya, sijui nikuelezeje. Viatu vilikuwa vinalia sakafuni kama panya. Tulisikia wasichana wakihema. Pasi ya kwanza ilikwenda kwa Tressa, akafunga bila hata kudunda, na watu wote wakashika magoti yao kwa mikono kuizuia miguu. Nikadondosha haragwe kwenye kikombe. Ting! Likasikika mpaka kule juu kwenye ngazi.

Kaka Denzil akaandika.

Benchi la wageni likaangaliana. Msichana wao mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, mmefiwa? Tuwape pole?" Mzee mmoja wa kwetu akamjibu, "Bado, tunakungojea wewe." Wakaguna, lakini hata wao baada ya muda wakawa wanasikiliza kikombe.

Ting. Ting. Mpaka mapumziko, maharage yalikuwa matano.

Kipindi cha pili nilianza kuogopa, maana Twila alikuwa anacheza kama mtu anayegawa vitu kabla ya kuhama nyumba. Sita. Saba. Mara moja alitoa mpira nyuma ya mgongo wake bila kutazama, ukumbi ukavuta pumzi mara moja tu, fyuu, kama mvuke wa sufuria. Nane. Mara mbili wenzake walikosa kikapu kitupu kwa woga na wakashika vichwa. Tisa. Kumi. Zikiwa zimebaki dakika tatu, kumi na moja.

Mia nane na kumi na mbili. Sawa na Lodema.

Tulikuwa mbele kwa pointi kumi, mchezo ulikuwa wetu, hakuna aliyeutazama ubao. Wote walinitazama mimi na kikombe. Haragwe la kumi na mbili lilikuwa kati ya kidole gumba na cha shahada, limeloa jasho.

Zilibaki sekunde arobaini. Twila akaushusha mpira polepole upande wa mbali, upande ule wa ukungu wa Kaka Denzil. Akayumba kushoto, wageni wawili wakamfuata, naye akautuma kulia, chini chini, katikati ya miguu yao, mpaka kwenye mikono ya Tressa. Pasi nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Nakuambia mimi niliyeziona zote.

Tressa akaudaka. Mlinzi akamjia. Tressa akaudunda mara moja, akageuka. Akaudunda tena, mdogo, karibu na kidole cha kiatu, akaruka, akafunga.

Kimya.

Watu mia sita wamesimama, hakuna aliyepumua. Kaka Denzil aliniinamia, kalamu juu ya karatasi. "Ni yake?" akanong'ona. "Dada Orpha, ni yake?"

Twila alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, ananitazama. Lile lilikuwa jicho la miaka minne, jicho la mtoto aliyeachwa mlangoni kwangu na mfuko wa nguo. Mkono wangu ulikwenda mpaka juu ya kikombe. Nasema ukweli, ulikwenda.

Nikaufunga. Nikaurudisha mkono mfukoni, mfuko wa kulia.

"Alidunda mara mbili," nikasema. "Andika kikapu, usiandike pasi."

Sauti yangu nilidhani ni ndogo, kumbe kwa kimya kile ilifika kila mahali. Mtu akasema, "Mungu wangu, mjukuu wake mwenyewe!" Tressa akaketi pale pale sakafuni, akaanza kulia. Filimbi ya mwisho ililia na hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa najiuliza nimefanya nini.

Twila akaja mpaka mezani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti langu, akautoa mkono wangu, akaufungua vidole kimoja kimoja. Haragwe lilikuwa pale, limenata kiganjani.

"Mara mbili, Bibi?"

"Mara mbili."

"Mimi niliona moja."

"Ulikuwa mbali."

Akalitazama haragwe. Akanifunga ngumi tena juu yake. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kitabu cha Kaka Denzil, naye hakulifuta. Kisha Twila akarudi nyuma hatua moja, akanyanyua mguu, akapiga sakafu mara mbili. Du-du.

Alikuwa ananipigia mimi.

Halafu mstari wa tatu, Lodema Tackett peke yake na viatu vyake vya kuendeshea basi: du-du. Halafu ukumbi wote. Niliinamisha kichwa mezani nikakifunika kwa koti, maana kelele ile sikuistahili na sikuweza kuikimbia.

Ubao ulichongwa upya. Una majina mawili, mia nane na kumi na mbili, mia nane na kumi na mbili. Chupa ziko kwenye kabati. Mpira wa zamani Twila alimrudishia Lodema, Lodema akamrudishia, na mara ya mwisho niliposikia ulikuwa kwenye basi la shule, watoto wanaudunda.

Jumapili ile Tressa alikuja kanisani kwetu, macho yamevimba, akakaa kando yangu. Katikati ya wimbo akaniinamia. "Bibi, zilikuwa mbili," akasema. "Nilitaka kuapa ilikuwa moja." Nikampa kitambaa.

Kaka Denzil walimpeleka hospitali kule Lexington mwezi wa Aprili kutolewa ukungu wa macho, jicho la kulia kwanza. Siku aliporudi nilimpelekea mkate wa mahindi. Akafungua mlango, akanitazama kwa jicho lile moja, akanitazama tena kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya.

"Dada Orpha," akasema, "kumbe umezeeka namna hii, na hakuna aliyeniambia!"

Nilimpa mkate hivyo hivyo. Haragwe lile la kumi na mbili bado liko kwenye mfuko wa kulia, na kila niingizapo mkono nikitafuta kitambaa nalikuta, na kila mara nashtuka.